Unataka kusomea tabia za wanyama chuo kikuu? Anza na njiwa wa dirishani

Kila nikisema nilisomea tabia za wanyama jibu ni moja, "aah na mimi nawapenda sana wanyama", alafu mtu anasubiri nimwambie basi karibu, umeshafuzu. Kupenda wanyama sio vibaya ila hakukufikishi mbali, kazi yenyewe ni kukaa, kusubiri, kuhesabu na kuandika ulichokiona bila kukichanganya na ulichokiwaza, na hicho cha mwisho ndo kinachowashinda wengi, na mimi kilinishinda. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu ya chuo chochote fanya kwanza kajaribio kadogo ambako hakana gharama.

Tafuta mnyama yeyote aliye karibu, njiwa, kuku, paka, hata mstari wa sisimizi ukutani, kaa naye nusu saa, simu itumie kama saa tu, na uandike kila anachofanya pamoja na dakika yake. Ukifika dakika ya 12 ukajikuta unawaza mambo yako mengine usishtuke, wote tumepita hapo. Ila nusu saa ikiisha na una hamu ya kurudi kesho uone kama yule mwenye doa jeupe shingoni atarudia kile alichofanya leo, basi kuna kitu ndani yako, endelea kusoma. Kama uliangalia saa mara ishirini bora ujue sasa hivi kuliko mwaka wa tatu.

Sasa rudi kwenye ulichoandika. Mi mwaka wangu wa pili nilikaa wiki tatu naangalia njiwa kwenye ukingo wa paa mkabala na dirisha langu, nikajaza daftari zima, nikampelekea msimamizi wangu kifua mbele. Akafungua ukurasa wa kwanza akasoma kwa sauti, "dume amekasirika, jike anaringa", akaniuliza, hiyo hasira ilianza sa ngapi na iliisha sa ngapi? Kimya. Akauliza tena, mtu mwingine akikaa pale ulipokaa atajuaje kwamba sasa hivi jike anaringa na sasa hivi ameacha kuringa? Kimya zaidi. Wiki tatu zikaenda na maji.

Alichokuwa anakitaka ni hiki: dume amevimbisha shingo, ameinamisha kichwa, anazunguka huku anaguruma, mkia ameutandaza unafagia sakafu, jike amepiga hatua tatu mbele, amedonoa chini mara mbili, ameruka. Hakuna hasira wala maringo hapo, kuna mwili na muda basi. Maana utaitafuta baadaye, ukiwa na data mkononi, na mara nyingi utakuta ulichodhani ni hasira kumbe ni kutongoza (huyo dume wangu alikuwa anatongoza, na mi nikamwandika mkorofi wiki tatu nzima).

Kutoka hapo unatengeneza kitu kinaitwa ethogramu, ambayo ni orodha ya vitendo vya huyo mnyama, kila kimoja na jina lake na maelezo yaliyobana kiasi kwamba mgeni akiyasoma ataona kile kile unachokiona wewe. Inaonekana rahisi mpaka uandike "kudonoa". Mi na mwenzangu tulikaa mbele ya video moja ya dakika 10, kila mtu anahesabu kudonoa kwa njiwa mmoja, mi nikapata 41 na yeye 27, njiwa yule yule, video ile ile. Kumbe mi nahesabu kila mdomo ukigusa chini na yeye anahesabu kila kichwa kikiinuka. Tukaandika upya: kudonoa ni mdomo kugusa chini kisha kichwa kurudi juu ya usawa wa kifua, mdomo ukigusa mara tatu kabla kichwa hakijapanda hiyo ni moja. Tukarudia, tukatofautiana kwa 2.

Na hilo la watu wawili kukubaliana lina hesabu yake, usiishie kusema "tulikubaliana asilimia 90". Fikiria ndege ambaye muda mwingi amekaa tu, nyie wawili kila mmoja akiandika "amekaa" mara 90 kati ya 100 hata bila kuangalia, kwa bahati tupu mtakubaliana karibu asilimia 82. Ndo maana watu wanatumia kipimo kinaitwa kapa, alikileta Jacob Cohen mwaka 1960, chenyewe kinaondoa kwanza yale makubaliano ya bahati alafu kinakwambia yaliyobaki ni kiasi gani. 1 ni kukubaliana kabisa, 0 ni sawa na kukubaliana kwa bahati tupu. Ukienda kwenye usaili wa masta unajua kapa ni nini na kwa nini ipo, wanakuangalia tofauti, naapa.

Kozi yenyewe iko wapi

Hapa wengi wanapotea. Wanatafuta digrii ya kwanza yenye jina "tabia za wanyama", hawaioni, wanakata tamaa. Vyuo vyenye digrii ya jina hilo vipo ila vichache, sehemu kubwa ya dunia somo hili limejificha ndani ya zuolojia, baiolojia, saikolojia, udaktari wa mifugo, usimamizi wa wanyamapori, na kwa wanaotaka nyani na sokwe hata anthropolojia. Jina maalum linakuja zaidi kwenye masta na PhD. Kwa hiyo usitafute jina la kozi, tafuta mtu. Ingia kwenye kurasa za idara, soma orodha ya wahadhiri mmoja mmoja, angalia nani anafanya utafiti wa tabia, ametoa nini miaka mitano iliyopita, ana wanafunzi wangapi. Idara yenye hata watu wawili wa namna hiyo inakutosha kuliko chuo chenye jina kubwa ambacho mtu wa tabia alistaafu na somo limebaki kwenye karatasi tu.

Njia ya saikolojia na njia ya zuolojia zinatofautiana ladha. Ukipita saikolojia utasoma sana kujifunza, kumbukumbu, maabara, panya na njiwa wanaobonyeza vitufe. Ukipita zuolojia utasoma mageuzi, ikolojia, mnyama huko huko anakoishi. Hiyo ya pili ndo iliyozaa etholojia, yaani kusoma tabia ya mnyama kama sehemu ya baiolojia yake, ile ya kina Nikolaas Tinbergen, Konrad Lorenz na Karl von Frisch waliopewa Nobel kwa pamoja mwaka 1973. Siku hizi ukuta kati ya pande hizi mbili umeshabomoka sana, ila digrii ya kwanza bado itakuvuta upande mmoja, chagua ukijua.

Kuhusu masomo, mageuzi, jenetiki, fiziolojia, ikolojia, hayo utayachukua tu utake usitake. Takwimu ndo watu wanakimbia, na ndo itakayokulisha. Usichukue takwimu moja ya lazima ukashukuru imeisha, chukua mbili, tatu, na ujifunze mapema programu ya takwimu inayoitwa R maana ni ya bure na karibu kila mtu kwenye fani anaitumia. Jeanne Altmann, ambaye mwaka 1974 alitoa makala ya mbinu za kuangalia wanyama inayotumika mpaka leo, digrii yake ya kwanza ilikuwa hisabati, na makala yenyewe aliitoa kabla hajapata PhD. Kama hesabu haziko kwenye damu sio mwisho wa safari, mi mwenyewe nilirudia mtihani mmoja, ila usije na ile habari ya "nilichagua wanyama ili nikimbie hesabu", umekimbilia ndani ya nyumba yake.

Kujifunza kuuliza kwa nini, mara nne

Kama kuna kitu kimoja cha kukiweka kichwani kabla hata ya muhula wa kwanza ni maswali manne ya Tinbergen, aliyaandika mwaka 1963 na mpaka leo ukisikia watafiti wawili wanabishana kuhusu tabia fulani, nusu ya ugomvi ni kwamba kila mmoja anajibu swali tofauti.

Chukua jogoo. Jogoo anawika kwa nini? Mmoja atasema kwa sababu kumekucha. Mwingine atasema kwa sababu ya homoni. Mwingine, analinda eneo lake. Mwingine, ndivyo majogoo walivyo toka zamani. Wote wanne wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja.

Swali la kwanza ni nini kinamwasha sasa hivi, mwilini na nje. Watafiti wa Japani mwaka 2013 waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku, wakaendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24, yaani saa iko ndani ya jogoo mwenyewe, hasubiri jua limwambie. Na zamani sana, 1849, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wadogo, wakakua bila kuwika kama majogoo, wale aliowarudishia korodani tumboni wakawika. Hilo ni jaribio la homoni kabla hata neno homoni halijakuwepo, na mpaka leo nikilifikiria nashangaa.

Swali la pili, tabia inakuaje tangu utotoni, anafundishwa au anazaliwa nayo? Kuku waliofanywa viziwi wakiwa vifaranga walikua wakawika kawaida, kwa hiyo jogoo hahitaji kumsikia baba yake wala kujisikia mwenyewe, tofauti kabisa na ndege wengi waimbao ambao wasiposikia wimbo wa wakubwa wao wanatoka na wimbo uliovurugika. Swali la tatu, inamsaidia nini kuishi na kuzaa? Wale watafiti wa Japani baadaye waliona kwamba majogoo wakikaa kundi moja mkubwa wa kundi ndo anaanza kuwika, alafu wengine wanafuata kwa vyeo vyao, yaani kuwika ni kama kutangaza eneo na cheo, sasa fikiria methali ya jogoo la shamba haliwiki mjini, waliotunga walikuwa wanaangalia kuku kwa makini kuliko wengi tuliokaa darasani. Swali la nne, historia, imetoka wapi? Kuku wa porini wa Asia ambao ndo mababu wa kuku wa kufugwa nao wanawika, kwa hiyo kuwika ni kwa zamani kuliko ufugaji.

Kila ukisoma makala yoyote jiulize hii inajibu swali lipi kati ya manne. Na kila ukiandika wazo lako la utafiti liweke kwenye kisanduku kimoja kwanza. Msimamizi atakupenda.

Usichague mnyama, chagua swali

Najua unawataka tembo. Au pomboo, au simba. Kila mtu anawataka hao. Shida ya mnyama mkubwa ni kwamba wako wachache, wanaishi miaka mingi kuliko digrii yako, ruhusa zao ni ngumu, na simba anaweza kulala saa 20 kwa siku huku wewe umekaa kwenye gari unamhesabia pumzi. Data ya maana ya wanyama kama hao inatoka kwenye miradi ya miongo mingi, ile ya tembo wa Amboseli ilianza 1972, na mwanafunzi anaingia kama tofali moja kwenye ukuta ambao wengine wamejenga. Ukipata nafasi kwenye mradi wa namna hiyo ichukue kwa mikono miwili, ila usipange utafiti wa digrii ya kwanza juu yake.

Mdudu je? Tinbergen mwenyewe PhD yake ilikuwa ya nyigu anayewinda nyuki. Nyigu huyu anachimba shimo mchangani, anaondoka kuwinda, anarudi moja kwa moja kwenye shimo lake kati ya mashimo kibao yanayofanana. Anajuaje? Tinbergen akasubiri nyigu awe ndani, akazungushia mdomo wa shimo duara la koni za msonobari. Nyigu akatoka, akaruka juu ya shimo akizunguka zunguka kidogo, akaenda zake. Huku nyuma jamaa akaihamisha ile duara pembeni kidogo, shimo akaliacha lilipo. Nyigu akarudi na nyuki wake, akatua katikati ya koni, hamna shimo, anahangaika, ilhali mlango wake uko wazi pale pembeni. Baadaye akajaribu tena, koni akazipanga pembetatu na mawe akayapanga duara, nyigu akaenda kwenye mawe. Kwa hiyo sio koni anayoikumbuka, ni umbo. Koni na mawe, basi, hamna maabara hapo. Tasnifu ikatoka na kurasa 32, chuo cha Leiden, Uholanzi, 1932.

Hapo ona alivyofanya: swali dogo lenye majibu mawili tu, na kitu kimoja tu kinachobadilishwa kwa wakati mmoja. Ukikaa na msimamizi mkakosa swali la namna hiyo, mnyama hata awe wa ajabu vipi utaishia na picha nzuri za kuweka mtandaoni.

Siku ya kwanza ya data

Kabla hujaanza kukusanya andika unatarajia kuona nini, na nini kikitokea utakubali ulikosea. Iandike na tarehe. Usipofanya hivyo data ikija utajikuta unasema "nilijua tu".

Kisha chagua namna ya kuangalia. Kosa la kila mgeni ni kuandika chochote kinachovutia macho, na kinachovutia macho ni ugomvi na kupandana, kwa hiyo daftari linasema kundi linapigana kutwa nzima wakati ukweli ni kwamba wamelala. Njia mbili zitakufaa mara nyingi. Ya kwanza unachagua mnyama mmoja kabla ya kuanza, kwa kura sio kwa kumpenda, unamfuata yeye tu kwa mfano dakika 10, hata wengine wakipigana pembeni humwachi, alafu unahamia aliyefuata kwenye orodha. Ya pili kila baada ya dakika kadhaa unapitisha macho kwa kundi zima haraka na kuandika kila mmoja anafanya nini sekunde hiyo. Ya kwanza inafaa kwa vitu vya muda mfupi kama kudonoa au kupigana, ya pili inafaa kujua kundi linatumiaje siku. Kwa video kuna programu ya bure inaitwa BORIS, unabonyeza kitufe kwa kila kitendo na yenyewe inaweka muda, itakuokolea macho.

Kuna mtego mmoja unaua tasnifu nyingi, nitauita marudio ya uongo. Umeangalia njiwa 4, kila mmoja mara 50, unaenda kwa furaha kusema una sampuli 200. Una 4. Njiwa mmoja akiwa mlafi ataonekana mara 50 na utasema njiwa ni walafi. Ni sawa na kumuuliza mtu mmoja swali mara hamsini alafu ukasema umefanya sensa. Ziko njia za takwimu za kushughulikia hilo, ila dawa ya kwanza ni wanyama wengi zaidi, muda mfupi zaidi kwa kila mmoja, na kuwatambua mmoja mmoja.

Na mtego wa pili ni wewe mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi Ujerumani anaitwa Hans, anajibu hesabu kwa kugonga kwato, watu wakaamini kabisa. Oskar Pfungst akamchunguza, mwaka 1907 akatoa matokeo: Hans anapatia pale tu anayemuuliza anajua jibu na farasi anamwona. Muulizaji bila kujijua alikuwa anabadilika kidogo mwili hesabu ya kwato ikifika, kichwa kinainuka kidogo, na farasi anasimama. Hakukuwa na mwongo hata mmoja pale. Kwa hiyo popote inapowezekana anayesoma video asijue mnyama yupi yuko kundi gani. Mpe rafiki abadilishe majina ya mafaili, inatosha.

Ruhusa, na mnyama mwenyewe

Hata kama hugusi mnyama, uliza kamati ya maadili ya chuo mapema, mapema namaanisha miezi, sio wiki. Wanyamapori wana ruhusa za ziada za nchi na za hifadhi, na kila karatasi inasubiri nyingine. Mi kuna msimu mzima wa kutaga ulinipita nikiwa nasubiri sahihi moja, ndege hawakunisubiri. Kamati watakuuliza kuhusu kanuni tatu za Russell na Burch za 1959, yaani je unaweza kutumia njia isiyotumia mnyama, je unaweza kutumia wachache zaidi, je unaweza kumpunguzia maumivu na hofu, ujibu kwa kueleza sio kwa kuandika "ndiyo" mara tatu. Na kama ni sokwe au nyani, ukiwa na mafua kaa nyumbani, virusi vya njia ya hewa kutoka kwa watu vimeshaua sokwe.

Msimamizi

Barua pepe za kuomba nafasi nyingi zinaanza na "tangu utoto nimependa wanyama". Wanazo mia za hivyo. Yako iwe na mistari nane hivi: wewe ni nani, makala gani yake umesoma na kitu gani ndani yake kimekuachia swali (swali halisi, sio sifa), umeshafanya nini kwa mikono yako, unaomba nini na kwa muda gani. Ukiwa na jedwali la nusu saa zako za njiwa liambatanishe. Wiki mbili kimya, kumbusha mara moja kwa heshima, kisha songa mbele, wengi wanasahau tu.

Akikubali, usifurahi mpaka uongee na wanafunzi wake wa zamani, na sio wale aliokutajia yeye. Waulize alichukua muda gani kurudisha rasimu, walimaliza kwa miaka mingapi, data ilikuwa ya nani mwisho, na porini usalama ulikuwaje, hasa kwa wadada, hilo ulizeni wazi kabisa. Profesa maarufu asiyejibu barua ni mzigo kuliko mhadhiri mdogo anayekaa na wewe saa moja kila wiki.

Kuna watu watakuletea habari ya Jane Goodall, kwamba alienda Gombe mwaka 1960 hana digrii na akaona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti. Ni kweli, na Cambridge walimpokea kusoma PhD bila digrii ya kwanza. Ila ilikuwa ruhusa ya nadra hata kwa wakati ule, usiipangie maisha. Cha kuiga kwake ni kitu kingine, miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia tu, na akaendelea kupanda kilima kila asubuhi kuwaangalia.

Porini kwenyewe sitasema mengi. Penseli, sio kalamu, wino ukinyeshewa unayeyuka. Nakala ya data usiku huo huo, sehemu mbili. Viatu vilivyoshavaliwa.

Baadae kazi ipi

Nafasi za uhadhiri ni chache kuliko wanaozitaka, mtu asikufiche. Ila ujuzi unauzika kwingine: ustawi wa wanyama kwenye bustani na mashamba, ambako mnyama anayezunguka njia ile ile kutwa ni dalili na anatakiwa mtu wa kupima dalili ile kwa namba, ushauri kwa wenye mbwa na paka, mafunzo ya mbwa wa kunusa, na uhifadhi. Lucy King na wenzake walionyesha Kenya kwamba tembo wanaogopa nyuki, wakatundika mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba, tembo akigusa waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Hiyo ni tabia ya mnyama imegeuzwa kuwa uzio. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo wa Marekani, alipita machinjioni na mashambani akiangalia ng'ombe wanasimama wapi na wanaogopa nini, mnyororo unaoning'inia, kivuli sakafuni, mifumo ya kuwapitisha ikabadilishwa. Na hata ukitoka kabisa kwenye wanyama, mtu anayejua R, video na data chafu hakosi pa kushika.

CV sasa. Futa ule mstari wa "napenda wanyama na nina bidii". Weka: saa 60 za kuangalia njiwa 22 waliotambuliwa mmoja mmoja, dakika 10 kwa kila njiwa kwa zamu, ethogramu ya vitendo 14, kapa na mwangaliaji wa pili 0.81. Weka namba zako za kweli, hata kama kapa ni 0.6, maana ukiitwa kwenye usaili swali la kwanza litakuwa hilo hilo, ilikuaje mkapishana.